Upepo Tuliouchuja

Siku waliyoniaga kituoni, mkuu wetu alisimama na chupa ya soda mkononi akasema kwamba kwa miaka yote ile Papa Ilunga, ndivyo wanavyoniita mimi, hakuwahi kukosea namba. Watu wakapiga makofi. Nilipewa zawadi ya saa ya ukutani iliyounganishwa na kipima hewa, kitu kizito na kizuri, ambacho mpaka leo kiko chini ya kitanda changu kimelazwa kifudifudi. Nadège, binti niliyemfundisha kazi na ambaye sasa anakalia kiti changu, akaniomba niwaandikie wageni wa kazi kituoni kurasa chache: nilivyoanza, vifaa tulivyotumia, nani alinifunza. "Papa, andika tu vile ulikuwaka unatuadisia," aliniambia.

Nimejaribu kuandika vile nilivyokuwa nikiwahadithia, na kila nilipofika ukurasa wa tatu niliona haya, nikachana. Hadithi zile zilikuwa nzuri kwa sababu kuna moja niliiacha. Kurasa hizi ninazowapa sasa ni zile ambazo sikuzichana.

Nilikuwa mwangalizi wa hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege, hapa Lubumbashi. Sikurusha ndege, sikukaa juu mnarani na kuziongoza. Kazi yangu ilikuwa kuangalia mbingu, kusoma vipimo na kuandika namba. Kwetu Katuba majirani waliniita mtu wa mvua, na kila harusi iliponyeshewa lawama ziliishia mlangoni kwangu. Hayo nilizoea.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Papa Kalenga, mzee mfupi aliyevaa tai hata siku za joto kali. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na yeye alikuwa na tabia ya watu wa reli: saa yake haikuchelewa na hakumsubiri mtu. Nilidhani atanionyesha mashine. Alinitoa nje, akanisimamisha kwenye nyasi karibu na soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mlingoti, akaniambia nigeuze shingo polepole mpaka masikio yote mawili yasikie upepo sawasawa.

"Sasa pua yako inaangalia wapi?" akauliza.

"Kule kwa miti, Papa."

"Basi mupepo inatoka kule. Ile mashine inaweza kufa. Shingo yako haife mbele yako."

Ndipo tukaingia ndani. Kwenye meza kulikuwa na kioo cha mviringo chenye mshale, kimeunganishwa kwa waya na vikombe vinavyozunguka juu ya mlingoti. Mshale ule hautulii. Upepo unapumua, na mshale unapumua nao, unapanda, unashuka. Papa Kalenga alinifundisha kuutazama dakika mbili kamili kwa saa ya mkono, kuona unapenda kukaa wapi, na kuona unaruka mpaka wapi. Kisha kuandika kwenye daftari kubwa. Kisha, na hapa alikuwa mkali sana, ndipo kuinua simu kuuambia mnara.

"Andika kwanza, sema nyuma," alisema. "Namba yenye haiyaandikwa, kinywa itaibadilisha."

Sheria yake ya pili ilikuwa juu ya makosa. Ukikosea namba, hufuti, hupaki rangi, huchani karatasi. Unapiga mstari mmoja tu juu ya kosa ili liendelee kusomeka, unaandika namba ya kweli pembeni, unatia sahihi. Niliona ni adabu ngumu sana kwa kosa dogo. Kila mtu atakayefungua daftari aone kwamba Ilunga aliandika tisa kumbe ni sita? Papa Kalenga alisema ndiyo, aone.

Sasa niwaeleze ninyi wageni kwa nini namba hii ina uzito, maana wengi mnaletwa kwetu kutoka chuo cha Kasapa na diploma nzuri lakini hamjawahi kusimama ukingoni mwa pisti, ile njia ya kutulia ndege, na kusikia matairi yakigusa. Ndege hutaka kutua ikiutazama upepo. Upepo ukiwa usoni unaishika, unaipunguzia mwendo bila kuzisumbua breki. Ukiwa mgongoni unaisukuma: inagusa mbali, ina mwendo mkubwa, na pisti iliyobaki mbele ni fupi. Kwetu ni vibaya zaidi. Mji wetu uko juu, hewa yake nyepesi, na mwezi wa tisa joto huifanya nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege inafika chini na mbio kubwa kuliko inapotua miji ya chini. Ikiwa imebeba mizigo ya mgodi, vyuma na mipira ya magari makubwa, uzito wote ule unataka kuendelea na safari. Upepo tunaupima kwa noti, kipimo cha mwendo cha marubani na mabaharia, na vitabu vya ndege nyingi kubwa vinavumilia noti kumi za mgongoni, basi.

Pisti yetu ina milango miwili, wa mashariki na wa magharibi. Wakati wa kiangazi upepo unatoka upande wa mashariki karibu kila siku. Asubuhi mapema unalala. Kuanzia saa tatu, jua likishapasha udongo, unaamka. Kwa hiyo kutua vizuri ni kuingia kwa mlango wa magharibi ukiutazama. Lakini ndege za mizigo zilitoka kaskazini mashariki, na mlango wa mashariki ulikuwa mbele yao kabisa, wamefika. Tena wakiingia huko, mbio zao zinaishia upande wa magharibi, palepale wanapopakulia. Kuzunguka mpaka mlango mwingine ni kupoteza muda na mafuta, na watu wa mizigo wanasubiri wakiangalia saa zao. Basi kila kapteni aliomba mashariki.

Papa Kalenga alipostaafu, kipimo cha mnarani kilikuwa kimekufa, kinasubiri kifaa ambacho kilikuwa njiani kwa miaka. Mwongozaji wa mnara akawa anatupigia simu kila ndege inapokaribia. Kwa zamu zangu mara nyingi alikuwa Mutombo, mtu wa Kasai, mcheshi, hodari wa kazi, sauti yake imetulia hata radi ikipiga. Alikuwa ananiuliza, "Papa Ilunga, mizigo inaomba mashariki. Uko na ngapi?" Mshale unacheza kati ya nane na kumi na mbili. Ukisema kumi na moja, kapteni lazima azunguke. Ukisema nane, kila mtu anafurahi. Na nane si uongo, mshale umepita hapo, nimeuona kwa macho yangu.

Tuliita hivyo kuchuja upepo. Hakuna mkuu aliyetuamuru, hakuna aliyetupa kitu. Wenzangu wote wa kituo walichuja, wengine kidogo, wengine sana, kama mtu anavyochuja pombe ya mahindi kwa kitambaa, akibakiza makapi asiyotaka mgeni ayaone. Ili kuchuja ilibidi tugeuze sheria ya Papa Kalenga juu chini: tulisema kwanza, tukaandika nyuma, ili daftari lifanane na kinywa. Nilijua nimeigeuza. Nilijiambia kwamba yeye alifanya kazi zama za ndege chache.

Na ndege zilitua. Hilo ndilo lililotuharibu. Nilisema nane ikiwa kumi, ikatua. Nikasema nane ikiwa kumi na tatu, ikatua, matairi yakatoa moshi kidogo, mizigo ikashuka, watu wakaendelea na maisha. Mwishowe nane haikuwa kipimo tena. Ilikuwa kama jibu la salamu: unaulizwa habari, unasema nzuri.

Mwezi wa tisa mmoja, sitataja mwaka, nilipata siku moja ya uaminifu. Mshale ulikuwa kumi na nne, nikasema kumi na nne. Ndege ikazunguka, mtu wa mizigo akapiga simu kulalamika, na Mutombo akacheka kwenye laini: "Papa, leo mulilamuka na mupepo ya Bazungu?" Wenzangu ndani ya chumba walisikia, wakacheka nao. Jina likanikaa. Wiki nzima nikipita kwenye uwanja mtu ananiuliza kama upepo wa Wazungu, yaani wa kufuata kitabu, umeamka. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na kicheko kile kiliniuma. Ninawaandikia jambo hili ili mjue ukubwa wake halisi. Sikutishwa, sikulazimishwa. Nilichekwa.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, vumbi na moshi wa nyasi zilizochomwa vimejaa angani, simu ikalia. Aliyekuja alikuwa Kapteni Mbuyi. Nilimjua vizuri, alizaliwa Katuba, mitaa miwili kutoka kwetu, mvulana wa fundi viatu aliyefika mpaka kurusha ndege kubwa, na utotoni mama zetu walimtaja, ingawa ni mdogo wetu, kila tulipopata alama mbaya shuleni. "Mizigo inaomba mashariki," Mutombo akasema. "Uko na ngapi?"

Niligeuza macho kwenye kioo. Sikuhesabu dakika mbili, lakini nilitazama kiasi cha kutosha. Mshale ulikuwa kumi na sita. Ulishuka mara moja, ukarudi kumi na sita ukakaa. Nje soksi ya upepo ilikuwa imenyooka kama mkono unaonyesha njia.

"Nane," nikasema.

Niliiona ikigusa. Iligusa mbali, karibu nusu ya pisti imeshapita, na injini zikanguruma kinyumenyume kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa muda mrefu vile. Haikusimama. Ilimaliza lami, ikaingia kwenye nyasi, ikavuka mtaro, ikalala na pua chini ndani ya wingu la vumbi jekundu. Hakuna aliyekufa. Kapteni msaidizi alivunjika mguu sehemu mbili, na ndege ile haikuruka tena.

Watu wote walikimbilia dirishani, kisha nje. Mimi nilibaki. Daftari lilikuwa wazi mbele yangu na mstari wa saa nne ulikuwa mtupu. Nikachukua kalamu, nikaandika nane. Vumbi lilikuwa bado halijatua. Nimefikiria sana miaka hii, na aibu yangu kubwa haiko kwenye neno lile nililosema kwa simu. Mtu anaweza kusema neno kwa mazoea. Ila kuandika niliandika nikiwa na akili zangu zote, na mwandiko ni mzuri mpaka leo.

Wachunguzi walikuja, wakasoma daftari, wakasikiliza sauti za redio. Mnara ulisema nane, daftari linasema nane. Ndani ya mipaka. Mutombo alikuwa salama, mimi nilikuwa salama. Aliyebaki alikuwa Mbuyi, aliyegusa mbali na mwenye mbio nyingi bila sababu inayoonekana.

Kabla hawajamaliza, alikuja kituoni. Alikuwa na bandeji kwenye paji la uso. Alinisalimu kwa heshima, akauliza mama yangu anaendeleaje, kisha akakaa kwenye kiti cha Papa Kalenga.

"Ya Ilunga," akasema, kwa kuwa nimemzidi miaka mitatu, "miye siko nakuya kukushitaki. Nataka tu kujua. Ile siku nilisikia ndeke iko inasukumwa mu mugongo. Nilisikia ku kiti, ku mikono, ku mwili yote. Weye ulikuwa hapa. Mupepo ilikuwa nane ya kweli?"

Nilimtazama usoni. "Ilikuwa nane," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kidogo, akashukuru, akaondoka. Alinishukuru.

Walimnyang'anya leseni. Alihamia Ruashi, akafungua duka la misumari, mabomba na mabati kwa watu wanaojijengea nyumba karibu na mgodi. Mutombo alihamishwa mji mwingine, na mimi niliendelea na kazi. Kutoka siku ile sikuchuja tena hata noti moja, na niliwasimamia wenzangu kwa ukali mpaka wakanichukia. Hapo ndipo sifa ya Papa Ilunga asiyekosea namba ilipoanza. Nadège alipofika nilimfundisha andika kwanza, sema nyuma, kama vile sheria ile nilizaliwa nayo. Papa Kalenga alikuja kutusalimia mara moja kabla hajafariki, akanisikia nikimwambia binti maneno yale. Alitabasamu, akanishika bega. Nilitamani sakafu inimeze.

Mbuyi nilikutana naye mara chache, misibani hasa. Mwaka juzi, kwenye matanga ya jirani mmoja wa Katuba, tulikaa benchi moja. Nilimwona amefika na pikapu, na aliyeiendesha alikuwa mke wake, Mama Ngalula. Ili kusema kitu, nikamtania kwamba siku hizi anaendeshwa kama waziri.

"Siendeshake tena," akajibu, bila kucheka. "Unajua, Ya Ilunga, ile siku mwili yangu ilinidanganya. Nilisikia kusukumwa, na daftari inasema hapana, haikukuwa kitu. Sasa mutu yenye mwili yake inamudanganya, atashika usukani namna gani? Hata kinga nimeachaka. Mama tu njo ananiambia hapana, weye ulisikia muzuri. Lakini Mama ananipenda, atasema nini ingine?"

Kinga ni baiskeli. Mtu aliyeshusha ndege kwenye dhoruba za mwezi wa pili alikuwa anaogopa kupanda baiskeli, na dawa yake ilikuwa namba moja iliyokuwa kifuani mwangu. Nilikula chakula cha matanga nikanyamaza. Nilijiambia nitasema nikistaafu. Ndiyo, nilingoja mpaka kazi iishe ndipo niwe mwaminifu bila hatari. Hilo nalo liandikeni.

Mwezi uliopita nilienda kituoni, nikamwambia Nadège atoe daftari la mwaka ule kabatini, nataka kusahihisha mstari mmoja kwa namna ya Papa Kalenga: mstari juu ya kosa, namba pembeni, sahihi. Akauliza mstari gani. Nikamwambia yote, kuanzia kicheko mpaka kalamu. Alichezea kofia ya kalamu yake.

"Ile daftari ilishafungwa," akasema mwishoni. "Siwezi kukuachia uiguse. Andika barua ku bakubwa, mimi nitaifikisha." Kisha akaongeza, "Na siye yenye ulitufundisha, tutaamini nini sasa, Monsieur Ilunga?"

Miaka yote alikuwa ananiita Papa. Nimemwomba abaki na sheria hata kama mwalimu wake aliivunja. Sheria haikuwa yangu, ilikuwa ya Papa Kalenga. Sijui kama ilimtosha.

Niliandika barua, nakala mbili. Moja ilienda kwa wakubwa, na bado sijaitwa. Ya pili niliipeleka Ruashi mwenyewe, Jumamosi mchana. Mbuyi alikuwa nyuma ya duka akipanga mabomba. Alinivutia kiti, nikakataa kukaa. Sikumpa barua asome. Nilimsomea kwa sauti, kwa sababu neno la kwanza nililompa kwa kinywa, na nilitaka hili nalo lipite palepale. Nilipofika kwenye namba, niliirudia sentensi nzima.

Hakukasirika kama nilivyotarajia, na ningependa angekasirika. Alikaa juu ya rundo la mabati, akaangalia mikono yake, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena.

"Kumi na sita," akasema.

"Kumi na sita."

"Njo maana." Halafu akaita kuelekea nyumbani, si kwa nguvu: "Mama Ngalula. Kuya kidogo."

Mama Ngalula akatoka jikoni na unga wa bukari, ugali wetu, kwenye vidole. Akaniona, akataka kunisalimu, Mbuyi akamzuia kwa mkono.

"Sema tena ile namba," akaniambia. "Mama asikie ku kinywa yako."

Nikasema tena. Nikamweleza kwamba nilikuwa nimeiona, na nikaandika nyingine.

Mama Ngalula alijipangusa vidole polepole, akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa funguo za pikapu, akaziweka juu ya mabati kando ya mume wake. Mimi nilibaki nimesimama na barua mkononi, na hakuna hata mmoja wao aliyeniangalia.